Umeachishwa kazi: ukae mezani na mwajiri, uende kwa msuluhishi, au upambane hadi tuzo?

Barua ya kuachishwa kazi ikishatua mkononi, washauri hawakosekani. Mmoja atasema kazungumze na bosi kiutu uzima, mwingine atasema mpeleke CMA kesho asubuhi. Huenda wote wako sahihi, maana kila njia ina mtu wake na wakati wake. Makala hii inalinganisha njia tatu zilizopo Tanzania Bara chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004: kujadiliana moja kwa moja na mwajiri, usuluhishi wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), na uamuzi wa Tume hiyo hiyo unaoishia kwenye tuzo, yaani hukumu ya mwamuzi wa Tume. Zanzibar ina sheria zake, na Kenya mashauri haya huamuliwa na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, kwa hiyo msomaji wa huko achukue mbinu za mezani na aache hesabu za siku.

Tutazipima kwa mambo matano: muda, gharama, usiri, nguvu ya kile kinachopatikana mwishoni, na mahali ambapo watu hukwama. Lakini kuna kazi mbili za kufanya kwanza, hata kabla hujachagua.

Kwanza, hesabu siku

Mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa kufikishwa Tume ndani ya siku 30 tangu ulipoachishwa, au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wake wa mwisho. Migogoro mingine, kama mishahara isiyolipwa wakati bado uko kazini, ina siku 60. Siku hizi huhesabiwa pamoja na Jumamosi, Jumapili na sikukuu.

Mazungumzo hayasimamishi hesabu hiyo. Mwajiri anaweza kukuita vikao vitatu vya kirafiki, akakuambia suala lako liko kwa wakurugenzi, na siku ya 31 ikakukuta unasubiri simu. Ukienda Tume baada ya hapo utahitaji kwanza kuomba kuruhusiwa nje ya muda kwa fomu CMA F2, ukieleza sababu ya kila siku uliyochelewa, na "tulikuwa tunazungumza" ni sababu ambayo mahakama zetu zimeikataa mara nyingi. Mwajiri mwenye wakili mzuri anajua hili vizuri kuliko wewe.

Pili, jua sakafu yako

Sakafu ni pesa ambayo unadai hata kama mwajiri alikuachisha kihalali kabisa. Hii si ya kujadiliwa, na watu wengi huingia mezani bila kuijua, kisha hushangilia "ofa" ambayo ni haki yao waliyokuwa nayo tayari.

Chukua mfano. Mfanyakazi wa mshahara wa msingi wa shilingi 650,000 kwa mwezi, siku 6 kwa wiki, amefanya kazi miaka 5 kamili, ameachishwa kwa sababu mwajiri anapunguza wafanyakazi. Mshahara wa siku hupatikana kwa kugawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 na kwa siku za kazi za wiki: 650,000 ukigawa kwa 26 ni 25,000.

- Siku 10 alizofanya kazi mwezi wa mwisho: 250,000.
- Notisi ya siku 28, kama mwajiri hakuitoa, huhesabiwa kwa kawaida kama mshahara wa mwezi: 650,000.
- Likizo ya mwaka mmoja ambayo hakuichukua: 650,000.
- Kiinua mgongo, siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika: 25,000 × 7 × 5 = 875,000.

Jumla ni 2,425,000. Ongeza nauli ya kumrudisha alikoajiriwa kama aliajiriwa mkoa mwingine, na cheti cha utumishi, ambacho ni haki yake bila kujali kilichotokea. Angalia pia mipaka: kiinua mgongo huhesabiwa kwa miaka isiyozidi 10, humhusu aliyefikisha angalau miezi 12, na hakilipwi kwa aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu.

Sasa mwajiri akisema "tunakupa milioni tatu na nusu tumalizane", usilinganishe 3,500,000 na sifuri. Linganisha na sakafu. Anachokupa ili uache madai ya kuachishwa isivyo halali ni 1,075,000, chini ya mishahara ya miezi miwili. Huenda bado ni sawa kwako, lakini sasa unajua unauza nini na kwa bei gani.

Michango ya NSSF usiiweke humu kabisa. Ni deni la kisheria lenye njia yake ya kudaiwa, na mwajiri hawezi kukupa kama zawadi pesa aliyotakiwa kuiwasilisha kwenye mfuko zamani.

Njia ya kwanza: kujadiliana moja kwa moja

*Muda.* Ndiyo njia ya haraka kuliko zote pande mbili zikitaka. Siku chache hadi wiki mbili zinatosha. Jiwekee kikomo cha siku ya 20 tangu kuachishwa. Ikifika bila karatasi yenye sahihi, jaza fomu ya Tume. Unaweza kuendelea kuzungumza huku mgogoro umeshafunguliwa, na mara nyingi mazungumzo hupata kasi mpya baada ya hapo.

*Gharama.* Karibu na bure. Kama kiasi ni kikubwa, kumlipa wakili asome mkataba kabla hujasaini ni matumizi mazuri kuliko kumlipa akae nawe mezani.

*Namna ya kuifanya.* Omba mchanganuo wa malipo kwa maandishi kabla ya kikao. Mwajiri akishaandika hesabu zake, mjadala unahama kutoka "kampuni haina hela" kwenda "kwa nini mstari huu una siku 14 badala ya 28". Nenda na mtu: kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi, au mwenzako wa kuandika kinachosemwa. Juu ya barua au barua pepe zako za majadiliano andika "bila kuathiri haki", ili kutaja kwako kiasi cha chini kusije kusomwa baadaye kama kukiri kwamba hicho ndicho unachostahili.

Taja kiasi chenye hesabu nyuma yake. Anayesema "nataka milioni kumi" bila mchanganuo ataulizwa zimetoka wapi, na asipokuwa na jibu ameshapoteza kikao. Ukishusha, shusha kwa sababu na upate kitu: "nitapunguza mwezi mmoja kama mtalipa yote Ijumaa hii na si kwa awamu". Kushusha bure humfundisha mwajiri kusubiri ushuke tena. Na usijibu ofa ya kwanza siku hiyo hiyo, hata kama inakupendeza. Lala nayo.

Kuna vitu visivyo pesa taslimu ambavyo mwajiri hutoa kwa urahisi, na kwako vina thamani: barua ya utambulisho kwa mwajiri ajaye, maneno ya sababu ya kuondoka kwenye kumbukumbu, bima ya afya hadi mwisho wa mwezi, muda wa kuhama nyumba ya kampuni.

*Usiri.* Mkubwa, kama mtauandika. Hakuna jalada la Tume, hakuna mtu wa tatu.

*Nguvu ya matokeo.* Hapa ndipo njia hii inapolegea. Makubaliano ya mezani ni mkataba wa kawaida. Mwajiri asipolipa, itabidi uanze kudai upya. Dawa yake ni kufungua mgogoro Tume na kuyaandikisha makubaliano mbele ya msuluhishi. Hapo yanapata nguvu ambayo tutaieleza kwenye njia ya pili.

*Hukwama wapi.* Mitego ni mitatu, na yote ni ya karatasi. Wa kwanza ni kuombwa uandike barua ya kujiuzulu "ili rekodi yako iwe safi". Ukiiandika, wewe ndiye uliyeondoka, na dai la kuachishwa linakuwa gumu mno kulisimamisha. Kinachofaa ni makubaliano ya kusitisha ajira kwa hiari ya pande zote, yenye kiasi ndani yake. Wa pili ni fomu ya malipo yenye sentensi "sina dai lolote dhidi ya kampuni" ilhali unalipwa sakafu tu. Saini kupokea kiasi, kisha andika kwa mkono wako kwamba umepokea bila kuacha madai mengine. Mwajiri akikataa kukulipa kwa sababu hiyo, umeshajua sentensi ile ilikuwa na thamani gani kwake. Wa tatu ni awamu. Kama lazima zikubaliwe, andika tarehe, akaunti, na kifungu kwamba awamu moja ikikosa kulipwa, deni lote lililobaki linadaiwa papo hapo. Andika pia kama kiasi ni kabla au baada ya kodi ya mshahara, kwani watu wawili wanaweza kusaini "milioni tano" wakiwa na tano mbili tofauti kichwani.

*Humfaa nani.* Mwenye siku za kutosha kabla ya 30, mwenye mwajiri anayejali jina lake au anayetaka kumaliza kimya kimya, na anayehitaji pesa na barua nzuri kuliko kuthibitishiwa kwamba alionewa.

Njia ya pili: usuluhishi wa Tume

Msuluhishi wa Tume haamui nani ana haki. Anakaa na pande mbili, wakati mwingine pamoja, wakati mwingine mmoja mmoja, na kuzisaidia zifike mahali. Kwa mgogoro uliofikishwa Tume, hatua hii hairukwi. Uamuzi huja baada yake. Kwa hiyo swali halisi ni kama uje kwa msuluhishi ukiwa na nia ya kumalizia hapo.

*Namna ya kuanza.* Unajaza fomu CMA F1. Nakala unampelekea mwajiri kwanza, akiipokea apige muhuri au asaini, kisha unapeleka fomu pamoja na uthibitisho huo ofisi ya Tume ya eneo mgogoro ulipotokea. Usiijaze kwa haraka. Kile unachodai kwenye F1 ndicho kitakachokufunga hadi mwisho. Ukisahau kuandika mishahara ya miezi miwili usiyolipwa, mwamuzi anaweza kushindwa kukupa hata kama ushahidi upo. Andika kila dai na kiasi chake. Kama unadai kuachishwa isivyo halali, jaza pia sehemu B ya fomu, ambayo wengi huiacha wazi.

*Muda.* Sheria inampa msuluhishi siku 30, isipokuwa pande zikikubaliana kwa maandishi kuongeza.

*Gharama.* Tume haitozi ada ya kufungua mgogoro. Unaweza kuwakilishwa na chama chako, wakili, au mtu unayemchagua. Wengi huja wenyewe na wanamaliza salama.

*Usiri.* Kinachosemwa kwenye usuluhishi hakibebwi kwenda kwenye uamuzi. Unaweza kusema "nitakubali miezi minne" na, usuluhishi ukishindikana, bado ukadai yote uliyoandika kwenye F1.

*Nguvu ya matokeo.* Makubaliano yaliyosainiwa mbele ya msuluhishi yanaweza kukaziwa mahakamani kama hukumu. Mwajiri asipolipa, hurudii kuthibitisha chochote, unaenda moja kwa moja kwenye utekelezaji. Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya makubaliano haya na yale ya ofisini.

*Hukwama wapi.* Mara nyingi kampuni humtuma ofisa utumishi asiye na mamlaka ya kusema ndiyo. Kila ukitaja kiasi, anaomba kuwasiliana na uongozi, na kikao kinaahirishwa. Mwombe msuluhishi, mwanzoni kabisa, aulize kama aliyekuja ana mamlaka ya kukubaliana na hadi kiasi gani. Kosa la upande wa mfanyakazi ni kutotokea. Mlalamikaji asipofika, msuluhishi anaweza kulitupa shauri. Mwajiri naye asipofika, linaweza kuamuliwa bila yeye.

*Humfaa nani.* Ambaye mazungumzo ya ofisini yamegonga mwamba kwa sababu ya hasira au dharau, si kwa sababu ya kiasi. Mtu wa tatu akiwepo, lugha hubadilika. Humfaa pia aliyekubaliana na mwajiri tayari lakini hamwamini kwenye malipo.

Njia ya tatu: uamuzi na tuzo

Usuluhishi ukishindikana, msuluhishi hutoa cheti kinachosema hivyo, na unaweza kulipeleka shauri kwa mwamuzi. Sasa ni ushahidi, mashahidi, maswali ya kupinga, vielelezo.

Kisheria unaanza na faida moja: ukishaonyesha kwamba uliachishwa, mzigo wa kuthibitisha kuwa ilikuwa kwa sababu halali na kwa utaratibu halali ni wa mwajiri. Lakini akisema "hatukumwachisha, alijiuzulu", mzigo wa kuonyesha kuachishwa unakurudia, na ndiyo maana ile barua ya kujiuzulu ni hatari.

*Muda.* Mrefu, na hautabiriki. Mwamuzi anatakiwa kutoa tuzo yenye sababu ndani ya siku 30 baada ya shauri kumalizika, ila kumalizika kwenyewe kunategemea mashahidi na maahirisho. Kisha aliyeshindwa ana siku 42 za kuomba marejeo, yaani tuzo ipitiwe upya, Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, na kutoka hapo hoja ya kisheria inaweza kwenda Mahakama ya Rufani. Mwajiri mwenye pesa anaweza kuitembea njia yote hiyo.

*Gharama.* Kwa kawaida anayeshindwa haamriwi kulipa gharama za mwenzake, isipokuwa shauri likionekana la upuuzi au la usumbufu. Lakini wakili wako unamlipa wewe, na nauli na siku zinazopotea hazirudishwi.

*Usiri.* Mdogo. Shauri likifika Mahakama Kuu, uamuzi huchapishwa na jina lako lipo, na waajiri husoma.

*Nguvu ya matokeo.* Kubwa kuliko zote. Mwamuzi anaweza kuamuru urudishwe kazini bila kupoteza mishahara, uajiriwe upya, au ulipwe fidia ya miezi kadhaa juu ya sakafu. Kwa miaka mingi kiwango cha chini cha fidia kilichotajwa na sheria kilikuwa mishahara ya miezi 12, lakini hesabu ifanyike kwa toleo la sheria lenye marekebisho ya karibuni, si kwa namba uliyosimuliwa.

*Hukwama wapi.* Zaidi ya ushahidi dhaifu, mashauri huanguka kwa mambo ya taratibu. Kuna tuzo zilizofutwa kwa sababu tu mashahidi hawakuapa au mwamuzi hakusaini mwisho wa ushahidi, na pande zikarudishwa kuanza upya. Ukiwa kwenye chumba cha uamuzi, hakikisha shahidi anaapa kabla ya kuzungumza. Ni ajabu mlalamikaji kulazimika kulinda jambo hilo, lakini atakayeumia ni yeye.

*Humfaa nani.* Mwenye nyaraka nzuri, mwajiri mwenye uwezo wa kulipa, na uwezo wa kuishi bila pesa hiyo kwa muda mrefu. Pia anayetaka kazi yake kwa dhati, kwa sababu kurudishwa kazini ni nadra kupatikana kwa maongezi.

Kwa hali yako

Zimebaki siku chini ya 10: jaza F1 leo. Mazungumzo yaendelee sambamba.

Ofa imezidi sakafu kwa mishahara ya miezi 5 au 6, nawe una kodi ya nyumba ya kulipa: pima kwa uzito mkubwa kuikubali, ila uiandikishe kwa msuluhishi.

Ofa ni sakafu tupu na hukuitwa hata kwenye kikao cha nidhamu: usuluhishi kwa nia njema, ukiwa umejiandaa kwa uamuzi.

Kampuni inafungwa, magari yanauzwa, wenzako wanadai pia: chukua kinacholipika sasa. Tuzo nono dhidi ya kampuni isiyo na kitu hukosa pa kukaziwa.

Mkataba ulikuwa wa muda maalumu na umekatishwa katikati: dai lako mara nyingi litakuwa la kuvunja mkataba, yaani mishahara ya miezi iliyobaki. Hesabu miezi hiyo kabla ya kukaa mezani, na uiandike hivyo kwenye F1.

Hujafikisha miezi 6 kwa mwajiri huyo: kinga ya kuachishwa isivyo halali haikuhusu, hivyo nguvu yako mezani ni ndogo. Dai mshahara na notisi, na omba barua nzuri.

Mnapunguzwa kundi zima: msijadiliane mmoja mmoja. Sheria inamtaka mwajiri atoe taarifa na kushauriana na chama au wafanyakazi kabla ya kupunguza, kuhusu sababu, namna ya kuwachagua wanaoondoka na malipo. Msipoafikiana, suala liende kwa msuluhishi kabla barua hazijatoka. Huo ndio wakati mwajiri ana sababu kubwa ya kuongeza kiasi, kwa sababu bado anahitaji sahihi zenu. Barua zikishatoka, kila mmoja anahesabu siku zake 30 peke yake.